Hodi na Majira: Maadili ya Kuingia Unguja

Kidichi iko kaskazini mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mwendo wa kilomita zipatazo 11, katikati ya mashamba ya mikarafuu, midalasini na minazi. Hapo pana hamamu ya Kiajemi iliyojengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Sultani huyo alikuwa amemwoa binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, ambaye mapokeo humtaja kwa jina la Shahrazad. Kuta za hamamu zilipambwa kwa lipu iliyochongwa maua, mitende na ndege kwa mtindo wa kwao bibi huyo, ili mtu aliyetoka mbali apate mahali pa kuoga na kupumzika panapofanana na nyumbani. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyekuja kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alimtaja mama yake huyo wa kambo katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886. Ndoa haikudumu, bibi akarudi Uajemi, na Sayyid Said mwenyewe akafariki baharini mwezi Oktoba 1856. Hamamu ikabaki kuwa kumbukumbu ya mgeni aliyepokewa kwa heshima zote na ambaye hakukaa sana.

Wageni wa leo hufika Kidichi kwa gari, wakitokea hoteli za ufukweni za Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje au Jambiani. Mwaka 2024 walioingia Zanzibar walizidi laki saba, ilhali sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakaazi wa visiwa hivyo kuwa chini kidogo ya milioni mbili. Kila mmoja wa wageni hao, kabla ya kukata tiketi, aliuliza mambo mawili: aje lini, na anatakiwa kuwa na nini ili aruhusiwe kuingia. Kwa kawaida maswali haya hujibiwa kwa orodha ya miezi na orodha ya karatasi. Lakini ndani yake mna swali la zamani zaidi, ambalo dini na falsafa zimelishughulikia kwa karne nyingi: ni kwa haki gani mtu anaingia mahali pa watu wengine, na wakati wa kuingia ni wa nani, wake au wao?

Hodi na karibu

Katika Uswahili, mlango hauingiwi kwa kusukumwa. Anayefika husimama nje na kupiga hodi. Mila hii imeungana na mafundisho ya Kiislamu kuhusu kuomba ruhusa. Sura ya An-Nur inawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa warudi, warudi bila kinyongo. Hadithi za Mtume zikaweka kiwango: ruhusa huombwa mara tatu, na asipojibiwa, mgeni huondoka. Sababu inayotolewa na wanazuoni ni ya kimaadili. Ruhusa iliwekwa kwa ajili ya jicho, yaani kumkinga mwenye nyumba asionekane katika hali ambayo hakuchagua kuonekana nayo.

Fundisho hili lina mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, hodi inatambua kwamba mahali pale palikuwa na wenyewe kabla mgeni hajafika. Mwenye kubisha anakiri, kwa neno moja, kwamba haki ya kuingia haikuzaliwa naye, bali anaiomba. Pili, hodi inahusu pia wakati. Sura hiyohiyo inataja nyakati tatu za siku ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani wanapaswa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa wao: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Isha. Mlango uleule unaopitika asubuhi unahitaji idhini mchana. Kwa hiyo swali la nani anaingia haliwezi kutenganishwa na swali la lini anaingia.

Neno la kujibu hodi ni karibu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kuwa jirani, kutokuwa mbali. Anayekaribishwa anaambiwa asogee. Haambiwi kwamba nyumba imekuwa yake. Ujenzi wa nyumba za Mji Mkongwe unaonyesha hatua za kusogea huko. Nje ya mlango kuna baraza la mawe, ambako yeyote anaweza kuketi, kunywa kahawa na kupata habari. Baada ya mlango kuna ukumbi wa kupokea wageni wanaojulikana. Kisha kuna ndani, mahali pa jamaa. Mtu anaweza kuwa rafiki wa nyumba kwa miaka ishirini bila kuvuka ukumbi, na asione kwamba amenyimwa kitu. Ukarimu wa Kiswahili haukumaanisha kuondoa mipaka. Ulimaanisha kumpa kila mgeni mahali pake na kumheshimu akiwa hapo.

Viza kama mkataba wa amani

Dola ya sasa imeichukua hodi na kuiweka kwenye karatasi. Mgeni anayekuja Unguja kutoka nchi inayohitaji viza huomba viza ya Tanzania, kwa kuwa uhamiaji ni jambo la Muungano. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja hulipiwa dola 50 za Marekani na humruhusu mtalii kukaa hadi siku 90; raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi. Raia wa Kenya na Uganda hawahitaji viza. Pasipoti hutakiwa iwe na uhai wa miezi sita angalau. Anayetoka au kupitia kwa muda katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano huonyesha cheti cha chanjo, ambayo sharti awe ameipata siku 10 kabla ya kufika. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni asiye mkaazi anayeingia Zanzibar hutakiwa pia kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 kwa mtu mzima.

Wapo wanaoyaona masharti haya kuwa usumbufu tu, au njia ya serikali kukusanya fedha. Fikihi ya Kiislamu inatoa njia nyingine ya kuyaelewa. Tangu zama za awali, mafakihi walizungumzia amani, yaani ahadi ya usalama anayopewa mtu wa nje anayeingia katika nchi ya Waislamu kwa biashara, ujumbe au safari. Aliyepewa ahadi hiyo aliitwa mustaamini. Ahadi iliwafunga wote wawili. Mwenyeji alipaswa kulinda nafsi, mali na heshima ya mgeni, na kumvunjia ahadi ilihesabiwa kuwa hiana kubwa. Mgeni naye alipaswa kutii sheria za mahali na kutowadhuru waliompa usalama. Kanuni iliwahusu pia Waislamu waliokwenda ugenini: aliyeingia nchi ya wengine kwa idhini yao hakuruhusiwa kuwaibia wala kuwahadaa, hata kama dini yao ni tofauti, kwa sababu aliingia kwa ahadi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu viza kuwa amani ya namna hiyo.

Kwa mtazamo huu, muhuri wa uhamiaji una uzito wa kimaadili. Anayeomba viza ya utalii kisha akafanya kazi ya mshahara kwa siri amevunja sheria, na zaidi ya hapo amesema uongo mlangoni. Anayekaa kupita siku alizopewa amechukua asichopewa. Kwa upande wa pili, nchi iliyogonga muhuri ule imeahidi. Mgeni akiibiwa ufukweni, akidhulumiwa na dereva au akidaiwa rushwa na yeyote aliyevaa sare, ahadi ya nchi nzima imevunjwa kwa mkono wa mtu mmoja. Ndiyo sababu wazee wa pwani waliona aibu ya mgeni kudhulumiwa kuwa aibu ya mtaa mzima.

Masharti ya afya yana msingi wake pia. Hadithi mashuhuri kuhusu tauni inamkataza mtu kuingia nchi yenye maradhi hayo na kumkataza aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Mafakihi wakaweka kanuni pana kwamba madhara hayafanywi wala hayalipwi kwa madhara. Unguja ina kumbukumbu ya kanuni hiyo katika mawe. Kwenye kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe, kuna jengo lililokusudiwa kuwa jela katika miaka ya 1890, lakini likaja kutumika kama karantini ya wasafiri waliofika kwa meli. Abiria waliwekwa hapo mpaka ionekane kwamba hawakubeba ugonjwa. Chanjo na cheti vimechukua nafasi ya siku hizo za kungoja, na tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua cheti cha homa ya manjano kwa maisha yote ya mwenye nacho. Mgeni wa leo anaingia kwa dakika chache mahali ambapo wa zamani alingoja siku nyingi. Wepesi huo ni neema, na cheti ndicho kilichouleta.

Upepo uliokuwa kalenda

Kabla ya meli za moshi, swali la aje lini halikuwa na majibu mengi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu katikati ya mwaka, na ndiyo iliyoyarudisha kwao. Neno msimu lenyewe, kutoka Kiarabu, lilikuwa jina la wakati wa safari, na mabaharia wa Kireno wakalichukua mpaka likazaa jina ambalo kwalo Wazungu huuita upepo huu. Nahodha aliyekawia kuondoka alikosa pepo na kungoja mwaka. Kwa hiyo mgeni alikaa miezi, akauza tende na kununua boriti, akasali msikitini na wenyeji, akajifunza lugha, na mara nyingi akaoa. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, ni ushahidi kwamba uhusiano huo ulikuwa wa kale na wa kina.

Ndege imeukata ulazima huo. Mgeni anaweza kutua kwenye uwanja wa Abeid Amani Karume siku yoyote, na kalenda inayomwongoza ni ya likizo ya shule na kazi za kwao. Hata hivyo kisiwa hakikubadili majira yake. Kuanzia katikati ya Machi hadi Mei ni masika, na Aprili mvua hunyesha kwa wingi hata baadhi ya hoteli hufunga kwa matengenezo. Juni hadi Septemba ni wakati wa kusi: hewa ni kavu na ya baridi kiasi, na fukwe za mashariki hupata upepo mkali unaopendwa na wanaocheza na matiara juu ya maji kule Paje. Vuli huleta mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari ni kaskazi, na joto ni kali.

Mwongozo wa safari ungeishia hapo kwa kusema Juni hadi Oktoba na Desemba hadi Februari ni wakati mzuri, na masika ni wakati mbaya. Lakini uzuri huo ni wa nani? Masika ambayo mtalii anaikwepa ndiyo inayojaza visima, ndiyo inayootesha mpunga katika mabonde ya Cheju, na ndiyo inayolisha mikarafuu na mihogo ya Kidichi. Kisiwa kisichopata masika hakina maji ya kumwogeshea mgeni wa Julai. Kuita msimu wa uhai wa watu kuwa msimu mbaya ni kosa dogo la maneno linaloficha kosa kubwa la fikra: kwamba mahali huanza kuwepo pale tu panapomfaa msafiri.

Waswahili walijitengenezea hesabu ya kufuatana na majira hayo. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na haulingani na misimu, hivyo wakulima na mabaharia wa pwani waliweka pembeni yake mwaka wa jua wenye siku 365, unaoanza Nairuzi au Siku ya Mwaka, na kugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku hiyo husherehekewa mwezi Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Jina hilo linatokana na kuoga, kwa maana ya kuuosha mwaka uliopita. Watu hupigana kwa migomba ili kumaliza kinyongo, kibanda huchomwa moto, na jamaa hula pamoja. Sehemu ya imani ya siku hiyo ni kwamba kila nyumba inapaswa kuwa na mgeni, na kukosa mgeni si dalili njema. Asili ya Nairuzi ni Uajemi, kama ilivyo asili ya hamamu ya Kidichi. Tofauti ni kwamba hamamu iliagizwa na mtawala mmoja kwa ajili ya mtu mmoja, na Mwaka Kogwa ulikaribishwa na kijiji kizima mpaka ukawa mali yake. Hapo mwanzo wa mwaka na kuja kwa mgeni ni jambo moja.

Mwezi wa Ramadhani

Juu ya majira ya pepo na mvua, Unguja inaishi kwa mwezi mwandamo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa Miladia na kuzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi, pembezoni mwa masika. Katika miaka iliyofuata imeingia ndani ya kaskazi, wakati wa wageni wengi, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa miaka kadhaa, basi, kilele cha utalii na mwezi mtukufu vitakuwa pamoja kisiwani.

Swali la kimaadili linalotokea ni hili: mgeni asiyefunga anadaiwa nini na jamii inayofunga? Sheria ya dini haimlazimishi asiye Mwislamu kufunga, na hata Mwislamu msafiri ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Lakini mafakihi wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa Unguja, wanafundisha kwamba mwenye udhuru, kama msafiri au mgonjwa, ni vyema asile hadharani, ili asihuzunishe wala asidhaniwe vibaya. Ikiwa Mwislamu mwenye ruhusa anaombwa kujistiri, kumwomba mtalii asitembee sokoni Darajani adhuhuri na chupa ya maji mdomoni si kumtwisha dini ya watu. Anaombwa adabu ileile anayoombwa mwenyeji. Hoteli huendelea kuwapa wageni chakula mchana, na baada ya Magharibi mji mzima hufunguka kwa uji, tambi, mihogo na kaimati. Aliyekuja mwezi huo kwa kujua atapata mchana mtulivu na usiku wenye watu. Aliyekuja bila kujua ataona maduka yaliyofungwa na kudhani kwamba amekosewa.

Maji kujaa na maji kupwa

Kuna saa nyingine ndogo zaidi, nayo ni ya bahari. Fukwe za mashariki ya Unguja zina mwambao mpana usio na kina, na maji yanapokupwa wakati wa bamvua, bahari husogea mbali hadi karibu na mwamba. Mgeni aliyelipia chumba mbele ya bahari huamka na kuona mchanga na majani tupu, naye hulalamika kwamba bahari haipo. Wakati huohuo wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanateremka na kamba na vigingi. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, nacho hufanyika kwa kufuata bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku za maji mafu, bahari isipotoka vya kutosha, kazi hiyo hukwama. Wengine hutafuta pweza na chaza katika saa hizohizo. Saa ya ubaya kwa mmoja ni saa ya riziki kwa mwingine, katika mchanga uleule.

Hapa linatokea dai la fedha, na dai hili linastahili kujibiwa kwa uzito. Mgeni wa hoteli hakuja kwa sadaka. Amelipa, na hodi ni ya anayepewa bure. Je, malipo hayaondoi wajibu wa kuomba? Fikihi inajibu kwa mlango wa ijara. Anayekodi kitu hununua manfaa yake kwa muda maalumu, na kitu chenyewe hubaki cha mwenyewe. Tena ni manfaa yaliyotajwa tu: aliyekodi punda wa kupanda hakukodi punda wa kubeba mawe. Mwenye kulipia chumba kwa siku saba ana haki kamili ya chumba hicho, usafi wake na usalama wake, na hoteli ikimpunja ana dai la haki. Lakini hakukodi bahari, wala adhana ya kijiji, wala mwanamke anayefunga mwani, ambaye picha yake haikuandikwa katika mkataba wowote. Kuhusu maji, mafundisho ya Kiislamu yanawahesabu watu kuwa washirika. Mvuvi na mkulima wa mwani wana haki ya ufukwe iliyotangulia kila mkataba wa hoteli, na ukuta unaowazuia wasifike majini ni kosa la mwenyeji tajiri dhidi ya mwenyeji maskini, ambalo mgeni asiye na habari hulitumia kama nafuu.

Haki ya kuzuru na mipaka yake

Katika falsafa ya Ulaya, Immanuel Kant aliligusa jambo hili mwaka 1795 katika maandishi yake kuhusu amani ya kudumu. Alisema kwamba kila mtu ana haki ya kuzuru nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni tufe, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, na hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya mwingine kwenye uso wake hapo mwanzo. Lakini aliitenga haki hiyo ya kuzuru na haki ya kukaa, ambayo huhitaji mkataba. Aliwalaumu pia wafanyabiashara wa mataifa ya Ulaya ambao kwao kuzuru kulikuwa sawa na kuteka. Zanzibar ilikuja kuonja ukweli wa lawama hiyo. Mwaka 1890 Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya visiwa hivi, na Agosti 27, 1896 meli zake za kivita zikaipiga kasri ya sultani kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu ya mrithi wa kiti ambaye Waingereza hawakumridhia. Mgeni aliyekuja kama mlinzi akawa ndiye anayeamua nani akae ndani ya nyumba.

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu ugeni yanakaribiana na Kant katika mipaka, ila yanamzidi katika kiasi cha wema. Haki ya mgeni ni mchana na usiku mmoja wa takrima, ukarimu ni siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Tena mgeni anakatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Methali ya Kiswahili inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haikusema afukuzwe. Inasema kwamba anayeendelea kula lazima aingie katika kazi za nyumba. Kwa utalii wa leo, jembe lina sura nyingi: maji yanayotumika kwa kiasi, taka zisizoachwa mchangani, bei ya haki kwa muuza viungo, na kodi inayofika shuleni na hospitalini. Methali nyingine inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko ndiko kipimo. Ikiwa wageni wameongezeka na mwenyeji hajapona, ukarimu umeharibika mahali fulani, na si haki kumlaumu mgeni peke yake.

Kuna jambo moja ambalo mjadala wa wageni hauwezi kulipita. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja, yakiwemo ya Kidichi na Kizimbani, yalilimwa na watumwa. Walifika kisiwani kwa majahazi yaleyale na pepo zilezile, lakini hakuna aliyewapigia hodi kwao wala aliyewaambia karibu huku. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria Unguja mwaka 1897. Hamamu ya Kidichi inaonyesha, kwa hiyo, mambo mawili katika jengo moja: ukarimu uliofika kilele chake kwa mgeni mmoja mwenye heshima, na utajiri uliotokana na watu ambao ridhaa yao haikuulizwa. Maadili ya kuingia huanzia katika ridhaa. Ikikosekana, hata lipu nzuri ya Kiajemi haiwezi kuitwa ukarimu bila kubakisha deni.

Kupanga safari kama tendo la adabu

Yakikusanywa, mambo haya yanatoa mwongozo ulio wazi. Anayepanga kwenda Unguja aangalie kalenda tatu pamoja: ya jua, itakayomwambia kusi, kaskazi, masika na vuli, ya mwezi, itakayomwambia Ramadhani, Idi na bamvua, na ya kwake mwenyewe. Asiifanye ya tatu kuwa hakimu wa mbili za kwanza. Karatasi zake za viza, chanjo na bima azitayarishe kwa ukweli na mapema, kwa kuwa ni maneno ya ahadi, na maelezo yake ayathibitishe kwa Idara ya Uhamiaji na ubalozi, maana ada na masharti hubadilika. Akifika, akumbuke kwamba muhuri umemfungulia bandari au uwanja wa ndege tu. Kijiji, msikiti, shamba la viungo na uso wa mtu vina hodi zake, nazo haziombwi ubalozini.

Wenyeji nao wana wajibu usiopungua. Masharti yatangazwe wazi, yasibadilishwe mlangoni, na yasigeuzwe mtego wa kumkamua msafiri. Ufukwe uachwe wazi kwa mvuvi kama unavyoachwa wazi kwa mgeni. Majira ya kisiwa yaelezwe kwa lugha ya heshima, ili mgeni ajue kwamba mvua ya Aprili na mchanga mtupu wa bamvua si upungufu wa bidhaa aliyonunua. Hodi ina pande mbili: asiyeipiga amekosa adabu, na anayeisikia akanyamaza, au akajibu karibu huku ameficha bei, amekosa zaidi. Panapokuwa na hodi ya kweli na karibu ya kweli, mgeni huingia bila kudhuru na huondoka bila kudaiwa.